Hoja Kwanza, Kiingereza Baadaye: Mwongozo wa Kufundisha Insha ya Hoja na Uwasilishaji Chuo Kikuu

Mwongozo huu nauandikia walimu wenzangu wanaofundisha stadi za mawasiliano Mombasa, iwe ni pale Tudor kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi au katika mabewa mengine yaliyotapakaa mjini. Wanafunzi wetu hutakiwa kuandika insha ya hoja kwa Kiingereza, kisha wasimame mbele ya wenzao waitetee. Wengi huyumba katika yote mawili, nasi huwa wepesi wa kusema kwamba tatizo ni Kiingereza.

Mimi sikubali. Msikilize mwanafunzi huyo huyo jioni akiwa maskani, au ndani ya matatu ya Mtwapa akibishana na utingo juu ya nauli. Ana dai, ana sababu, ana mfano, na anajua mwenzake atajibu nini kabla hajafungua kinywa. Huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, aliyejibizana kwa mashairi na watu wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na kujibizana hakujatutoka hadi leo. Kijana huyu hajaambiwa tu kwamba anachokifanya maskani ndicho tunachotaka akifanye kwenye karatasi.

Shule nayo imemzoesha jambo jingine. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya Kiingereza humpa dai tayari ndani ya swali, naye hulithibitisha kwa mifano kutoka kitabu teule. Anafika chuoni akijua kuthibitisha dai la mtu mwingine, lakini ni nadra kuwa ameulizwa: wewe mwenyewe unadai nini?

Ndiyo maana mpangilio wa hatua zifuatazo ni muhimu. Hoja hujengwa kwanza, kwa lugha yoyote anayoimudu mwanafunzi. Kisha huandikwa kwa Kiingereza, na mwisho husemwa jukwaani. Ukianza na slaidi wiki ya pili, utavuna slaidi tu.

Hatua ya 1: Tafuta mada inayouma

Mada kama “faida na hasara za mitandao ya kijamii” itupe. Hakuna anayepaswa kuamua lolote kuhusu faida na hasara, kwa hiyo mwanafunzi ataorodhesha tu. Mada inayofaa ni ile ambayo kuna mtu mwenye mamlaka anayelazimika kuamua, darasa lenyewe limegawanyika, na kuna maandishi ya kusoma yanayopatikana bila kulipa.

Mimi napenda suala la muguka, yale majani ya jamii ya miraa ambayo watu huyatafuna ili wachangamke. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingiza, kusafirisha na kuuza muguka katika kaunti. Kilifi ikafuata. Watu wa Embu wanaoishi kwa zao hilo wakalalamika, Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu kisheria kwa sababu Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na Kanuni za Miraa za mwaka 2023 zinalitambua zao lenyewe, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Hapo mna afya ya vijana, riziki ya wakulima, mapato ya kaunti, na mipaka ya mamlaka chini ya ugatuzi. Hakuna mwanafunzi asiye na la kusema.

Darasa la wanafunzi wa uchukuzi au biashara lipe suala la makontena. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa reli ya SGR na kutolewa huko bara, na mwaka 2022 Rais mpya akairudisha shughuli hiyo Bandari ya Mombasa. Nani alipata, nani alipoteza, na uamuzi upi ulikuwa na sababu bora?

Mtake kila mmoja asome angalau vyanzo viwili ambavyo si gazeti wala mtandao wa kijamii. Tovuti ya Kenya Law ina sheria na hukumu bila malipo. Bunge huchapisha kumbukumbu za mijadala yake, Shirika la Taifa la Takwimu hutoa taarifa ya uchumi kila mwaka, na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi, ina ripoti kuhusu dawa za kulevya na vileo. Wapeleke kwenye tovuti hizo mkiwa pamoja darasani, kwa simu zao, usiwaachie waende peke yao.

Jambo moja liseme siku ya kwanza, nalo liseme kwa uzito. Darasani mwako huenda yumo mwanafunzi aliyesomeshwa kwa pesa za muguka kutoka Mbeere, kule Embu, na yumo mwingine ambaye kakake ameharibikiwa nao. Tunashindanisha sababu. Hatumvunjii mtu heshima.

Hatua ya 2: Waache wabishane kwa Kiswahili

Toa saa nzima. Kiingereza kisitajwe. Wagawe pande mbili, uwateue waandishi wawili wanaoandika ubaoni kila sababu inayotolewa, kwa maneno yaleyale ya msemaji. Wewe kazi yako ni kuuliza tu.

Mazungumzo huenda hivi:

“Mwalimu, muguka upigwe marufuku.”

“Kwa nini?”

“Vijana wanaharibika.”

“Umejuaje?”

“Nawaona hapo mtaani kwetu, asubuhi mpaka usiku.”

“Haya. Tuseme ni kweli. Kila kinachoharibu vijana, kaunti ina haki ya kukipiga marufuku?”

Hapo darasa hunyamaza kidogo, kisha hulipuka. Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka walikumbuke muhula mzima. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba hoja ina dai, ina ushahidi, na ina kile kinachoufunga ushahidi kwenye dai, ambacho mara nyingi hakisemwi. Mimi nakiita kiungo. “Upigwe marufuku” ni dai. “Nawaona mtaani” ni ushahidi. Kiungo kimejificha: kwamba kaunti inaruhusiwa kuzuia chochote kinachodhuru watu wake. Ukiuangalia mzozo wenyewe wa 2024, jibu la Rais halikuhusu kama muguka unadhuru. Lilihusu kiungo, yaani kama kaunti inaweza kuzuia zao ambalo sheria ya taifa inalitambua.

Mwanafunzi akishajifunza kukiona kiungo, amepiga hatua kubwa. Rudia zoezi hili kwa madai madogo ya kila siku: nauli, kodi ya vibanda, muda wa kufunga maktaba. Kila mara waulize, “Kiungo kiko wapi?” Baada ya muda wataanza kuulizana wenyewe.

Mwishoni mwa kipindi mtu apige picha ya ubao na kuituma kwenye kundi la darasa. Picha hiyo ndiyo malighafi ya insha.

Hatua ya 3: Sentensi moja ya Kiingereza

Sasa Kiingereza kinaingia, lakini kwa sentensi moja tu. Kila mwanafunzi aandike dai lake kwa mkono, darasani, katika umbo hili: “Although … , … should … , because … .” Umbo hili linamlazimisha amtambue mpinzani, ataje nani afanye nini, na atoe sababu kuu.

Kwanza ataandika “Muguka is very bad for the youth.” Hayo ni maoni, hakuna wa kuyatekeleza. Mwulize nani afanye nini. Atarudi na “The government should ban muguka because it is bad.” Afadhali, lakini serikali ipi, marufuku ya wapi, ubaya gani? Ukimvumilia mara ya tatu utapata kitu kama hiki: “Although muguka supports many families in Embu, Mombasa County should forbid its sale near schools, because children cannot weigh the risk for themselves.” Tazama jinsi dai lilivyopungua ukubwa na kuongezeka nguvu. Mwanafunzi aliyefika hapo anajua insha yake itahusu nini na haitahusu nini.

Waeleze pia kwamba msomaji wa insha ya kitaaluma kwa Kiingereza hutarajia kulikuta dai mapema, kabla aya ya kwanza haijaisha. Sisi tumelelewa kuanza na salamu, kisha habari za nyumbani, kisha tunalikaribia jambo polepole, na huo ni uungwana. Usiwaambie kwamba adabu yetu ina kasoro. Waambie wanaandikia msomaji mwenye desturi nyingine, na wao wana uwezo wa kushika desturi zote mbili.

Hatua ya 4: Aya

Hapa sikai sana, kwa sababu vitabu vya stadi vimejaa maelezo ya aya. Aya moja ibebe sababu moja: iitaje, iweke ushahidi, ieleze ushahidi huo unathibitishaje, basi. Wanafunzi wengi huishia kwenye ushahidi na kuruka kwenda aya nyingine. Andika pembeni “kiungo?” naye atajua.

Kuna mambo mawili yanayohitaji mazoezi zaidi. Moja ni uzito wa maneno. “The report proves” si sawa na “the report suggests”, na “will destroy” si sawa na “may harm”. Mpe mwanafunzi aya iliyojaa “proves” na “always”, umwambie aipunguze mpaka aweze kuilia kiapo.

La pili ni kunakili. Wengi hunakili kwa sababu hawajui namna nyingine ya kuisema sentensi ya Kiingereza iliyokwisha andikwa vizuri. Mbinu inayosaidia ni hii: soma kifungu, funga simu, mweleze jirani yako kwa Kiswahili ulichoelewa, kisha andika kwa Kiingereza yale uliyomweleza jirani. Kile kituo cha katikati, cha kumweleza mtu, ndicho kinachofanya maneno yawe ya mwanafunzi mwenyewe. Kisha ataje chanzo.

Hatua ya 5: Mpe mpinzani haki yake

Hii ndiyo hatua ninayoipigania zaidi, na ndiyo inayorukwa kwanza muda ukibana. Insha nyingi huwa na aya inayoanza “Some people say…”, halafu mpinzani anapewa sababu dhaifu kabisa ili apigwe kwa urahisi. Msomaji mwenye akili huona, na imani yake kwa mwandishi hushuka.

Fanya hivi. Mtu wa upande wa marufuku na mtu wa upande wa wakulima wakae pamoja. Kila mmoja aandike kwa Kiingereza aya ya kumtetea mwenzake, kwa nguvu zake zote. Kisha wabadilishane karatasi. Aliyetetewa asome na aseme kama kweli hivyo ndivyo anavyoamini. Akisema “hapana, hujanielewa”, mwandishi anauliza, anasikiliza, anaandika upya. Kazi haipiti mpaka mwenyewe akubali.

Huchukua muda, na darasa huwa na kelele. Lakini kwenye kelele hizo utasikia mambo ambayo hotuba yako isingeyafundisha. Kijana wa Likoni anamwuliza mwenzake kutoka Embu familia inalipaje karo iwapo zao hilo litakosa soko. Binti aliyekuwa mkali kuhusu marufuku anagundua kwamba hajawahi kufikiria atakayepoteza kibanda barabarani. Mara nyingi madai yao hubadilika baada ya hapo, na sentensi ya “Although” huandikwa upya. Wacha ibadilike. Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu.

Baada ya kumtetea mpinzani, ndipo ajibu. Majibu ya haki ni machache: ushahidi wake haufiki anakotaka ufike, kiungo chake hakishiki, au jambo lake ni kweli lakini kuna jingine zito zaidi. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo la kiutu uzima. Kumkubalia mtu sehemu ya hoja yake si kushindwa.

Hatua ya 6: Sahihisha hoja, kisha sarufi

Rasimu ya kwanza usiiguse kwa wino wa sarufi hata chembe. Andika maoni matatu tu: dai liko wazi, kiungo kipo, mpinzani ametendewa haki? Karatasi iliyojaa wekundu humfundisha mwanafunzi kuandika sentensi fupi zisizo na makosa na zisizo na fikra.

Kwenye rasimu ya pili chagua makosa mawili yanayojirudia kwa mwanafunzi huyo, uyafuate hayo tu. Kwa wanafunzi wetu makosa fulani yanatarajiwa. Kiswahili hakina “a” wala “the”, kwa hiyo vitadondoka au vitawekwa pasipo mahali. “Yeye” haina jinsia, kwa hiyo mama ataanza aya akiwa “she” na kuimaliza akiwa “he”. Sentensi ndefu zitaunganishwa kwa mkato ambapo Kiingereza kingetaka nukta. Waeleze chanzo cha kosa, maana kijana anayejua kwa nini anakosea hujirekebisha bila aibu.

Darasa likiwa kubwa, sahihisha insha chache mbele ya wote kwa idhini ya wenyewe, majina yakiwa yamefutwa, kisha wanafunzi wasahihishane kwa vikundi vya watatu kwa maswali yale yale matatu.

Hatua ya 7: Kutoka karatasi hadi jukwaani

Sasa mwanafunzi ana insha ya maneno kama 1,200 na ana dakika 5. Kasi nzuri ya kusema mbele za watu ni maneno kama 120 kwa dakika, yaani nusu ya insha haina nafasi. Usimruhusu aharakishe. Achague: dai, sababu moja iliyo bora, pingamizi moja na jibu lake. Mengine yabaki akibani kwa ajili ya maswali.

Asibebe insha. Abebe kadi moja yenye maneno machache ya kumkumbusha mfuatano. Slaidi nne zatosha, na kila kichwa cha slaidi kiwe sentensi inayodai kitu. “Introduction” na “Challenges” hazimwambii msikilizaji lolote. “Children cannot weigh the risk” inamwambia yote, hata akiwa amekaa nyuma na feni inapiga kelele. Na kila mwanafunzi awe tayari kusema bila slaidi kabisa, kwa sababu stima itapotea siku ya zamu yake.

Salamu tumezizoea ndefu: kuwatambua wote waliohudhuria, kushukuru kwa nafasi hiyo, kutaja itifaki. Sentensi moja ya salamu inatimiza adabu. Ya pili iwe dai.

Kuhusu matamshi, usimtafutie mwanafunzi lafudhi ya London. Mtafutie kueleweka. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kijana huipeleka kanuni hiyo kwenye Kiingereza, hata “development” ikakazwa penye “lop”. Mkazo wa Kiingereza huhamahama: “economy” hukazwa penye “co”, “economic” penye “no”. Vilevile Kiswahili kina irabu tano, na “ship” na “sheep” huishia kuwa neno moja. Kila mwanafunzi aorodheshe maneno kumi ya mada yake yanayomtatiza, ayapigie mstari penye mkazo, ayaseme kwa sauti kila siku ya juma hilo. Kumi tu, yale atakayoyatumia.

Mazoezi yaanze kwa watatu watatu: mmoja anasema, mmoja anashika saa, mmoja anaandika dai alilolisikia. Kama aliloliandika halifanani na la msemaji, hapo ndipo pa kurekebisha. Wapo wanafunzi, hasa mabinti waliozoea kukaa kimya mbele ya wanaume, ambao kuwasimamisha ghafla mbele ya watu themanini ni kuwaumiza. Wapitie watatu, kisha kumi, kisha darasa zima. Sauti hukua.

Ratiba nayo uitazame kwa macho ya hapa. Anayevuka feri ya Likoni asiwe wa kwanza saa mbili asubuhi. Mwezi wa Ramadhani weka mawasilisho asubuhi, kabla koo hazijakauka. Na panga mapumziko kwa nyakati za sala, ili mtu asikatizwe na adhana akiwa katikati ya hoja yake.

Hatua ya 8: Maswali

Dakika 5 za kusema zifuatwe na dakika 5 za maswali, na maswali yabebe alama zinazokaribiana na hotuba yenyewe. Hapa ndipo yale ya maskani yanaporudi, safari hii kwa Kiingereza. Wape maneno ya kuanzia wakiwa wamebanwa: “That is a fair point, but…”, “Let me separate two things here”, “I have no evidence on that.” Hilo la mwisho wafundishe walitamke bila kuinamisha kichwa.

Swali la kwanza uliulize wewe, na liwe lilelile la hatua ya pili: kiungo chako ni kipi? Siku hizi akili mnemba inaweza kumwandikia mwanafunzi insha safi kwa sekunde chache, na kumvizia kwa programu za kugundua ni kazi isiyo na uhakika. Lakini aliyebishana, akaandika sentensi yake kwa mkono, akamtetea mpinzani mpaka akakubaliwa, hujibu swali hilo akikutazama usoni. Ambaye hakupita njia hiyo hawezi, nawe huna haja ya kumtuhumu. Mrudishe hatua ya tatu, umpe juma moja.

Katika alama 30, mimi ningegawa hivi: 12 kwa hoja iliyoandikwa, 5 kwa Kiingereza chake, 7 kwa uwasilishaji, 6 kwa maswali. Wape mgao huo wiki ya kwanza, kwa maandishi. Na muhula ukiisha, omba ruhusa ya kubaki na rasimu za kwanza na za mwisho za wanafunzi watatu au wanne, ukiyaficha majina. Darasa lijalo litazisoma zikiwa sambamba kabla hata hujaeleza insha ya hoja ni nini.